Pojo, Maharagwe, Kamande au Mbaazi: Upike Nini Jumapili Ule Hadi Alhamisi

Saa moja jioni ndiyo kwanza umeshuka feri ya Likoni, au umetoka kwenye msongamano wa daraja la Nyali, na nyumbani hakuna hata kitunguu kilichomenywa. Ndipo viazi karai vya kando ya njia vinapogeuka chakula cha usiku mara nne kwa wiki. Ukwaju wake una raha yake, hatukatai, lakini mfuko na tumbo huanza kulalamika kabla mwezi haujaisha.

Ulinganisho huu ni wa mtu asiyekula nyama, awe kwa imani, kwa afya au kwa bei, ambaye hapendi kupika na hajazoea, ila yuko radhi kutoa saa mbili za Jumapili ili katikati ya wiki asishike kisu. Vyakula vyote vinapatikana kwenye masoko ya Mombasa, Marikiti na Kongowea, au kwenye duka la mtaa wako. Hatukuvipima kwa utamu wa siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza karibu kila kitu kitamu. Tumeuliza: siku ya tatu kikitoka kwenye friji, kitakuwaje?

Kwa mwenye haraka: anza na pojo, yaani ndengu au choroko. Ukishazizoea, na ukiwa na presha kuka, ingia kwenye maharagwe. Kamande ni za siku uliyosahau kujitayarisha. Mbaazi zinunue asubuhi pamoja na mahamri yake, ukipenda kuzipika utazipika baadaye.

| Chakula (nusu kilo kavu) | Kuloweka | Sufuria ya kawaida | Presha kuka | Friji, bila tui | Friza |
|---|---|---|---|---|---|
| Pojo | si lazima | dakika 35–45 | dakika 10–12 | siku 3–4 | nzuri. Hulainika zaidi |
| Maharagwe | saa 8 | dakika 60–90 | dakika 20–25 yakilowekwa | siku 3–4 | nzuri sana |
| Kamande | hapana | dakika 25–30 | dakika 6–8 | siku 3 | nzuri, ila haina haja |
| Mbaazi kavu | saa 8–10 | saa 1½ au zaidi | dakika 20–25 zikilowekwa | siku 3 | nzuri |
| Mchuzi wa mbatata na biringani | – | dakika 40 | – | siku 3 | mbaya kwa mbatata |

Dakika za presha huhesabiwa tangu filimbi ianze kulia, si tangu uwashe moto.

Kwanza tui, maana ndilo linaloharibu wiki nzima

Kosa linalorudiwa sana na anayepika mapema hapa pwani ni kutia tui Jumapili. Mchuzi hunukia nyumba nzima, na Jumatano unamwagwa. Tui lina mafuta, lina protini, lina sukari kidogo na halina asidi ya kulilinda, kwa hivyo kwa joto letu huchacha kwa saa chache tu likiachwa nje. Hata ndani ya friji, mchuzi uliotiwa tui uhesabie siku mbili, wakati usio na tui unafika siku ya nne.

Hata usipochacha, kuna la pili. Kila unapouchemsha tena, tui hukatika: mafuta yanaelea juu, na chini hubaki vichembe kama chicha. Haudhuru ukiwa bado mzima, ila haupendezi, na mtu asiyependa kupika akiona hivyo huona juhudi zake za Jumapili zimepotea.

Kwa hivyo kanuni ya vyakula vyote vilivyomo humu ni kwamba unavipika mpaka kwenye rojo, yaani mchuzi mzito wa vitunguu na tungule, unavigawa, unavihifadhi. Tui linaingia siku ya kula, kwenye ile sehemu inayoliwa tu. Ukikubali hilo, mpangilio wa washindi unabadilika kabisa, na utaona hapo chini kwa nini mbaazi, ambazo ni sifa ya Mombasa, zimeshuka mpaka mwisho.

Tui la wiki unaweza kulikama siku hiyo hiyo ya Jumapili na kuligandisha peke yake. Nazi moja ya wastani, ikikunwa na kukamwa kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, hutoa karibu kikombe kimoja cha tui zito. Huna mbuzi ya kukunia, au unaogopa vidole vyako? Katakata nyama ya nazi vipande vidogo, saga kwenye blenda na maji hayo kwa dakika moja, chuja kwa kitambaa safi au chujio la chai. Mimina kwenye trei ya barafu. Vipande vinne vya kawaida ni kama nusu kikombe. Likiyeyuka litaonekana limejitenga, lakini ukilikoroga jikoni linarudi. Tui la pakiti au la kopo nalo linafaa, ila soma kama ni zito au limeshatiwa maji.

Nazi yenyewe itikise sikioni kabla ya kulipa. Isiposikika maji, iache. Tazama yale macho matatu: yawe makavu, bila ukungu. Ukishaivunja inuse, kisha pitisha kidole kwenye nyama yake. Ikiteleza, au ikiwa ya manjano au kijivu, imevunda, na hakuna bizari itakayoficha ladha hiyo.

Pojo: mwalimu mpole

Tunazipa nafasi ya kwanza kwa sababu zinasamehe. Ukizizidisha dakika kumi zinakuwa rojo nzito tu, ukizipunguza unarudisha jikoni. Hazihitaji kulowekwa, kwa hivyo hakuna jambo la kukumbuka usiku wa jana.

Nusu kilo ni vikombe viwili na nusu vya mililita 250, na inatosha makopo sita ya mlo wa mtu mmoja. Zimwage kwenye sinia, uzichague penye mwanga. Kokoto ya rangi ya majani makavu hujificha vizuri sana ndani ya pojo, na haitajulikana ilipo mpaka iwe chini ya jino. Zioshe maji matatu, zinazoelea uzitupe. Hizo zimetobolewa na wadudu.

Teleka kwa lita mbili za maji kwenye sufuria ya lita tano. Zikichemka toa povu, punguza moto, funika ukiacha upenyo. Baada ya dakika 35 anza kuzipima, na usipime moja: chukua tano kutoka sehemu tofauti, uzibonye kwa kidole na gumba. Zote zikipondeka bila kiini cheupe cha ungaunga, zimeiva. Tatu laini na mbili ngumu maana yake bado.

Hapa tuseme neno juu ya chumvi. Wengi huambiwa wasitie chumvi mapema ati pojo zitakataa kuiva. Chumvi inasingiziwa. Wanaozuia kuiva ni tungule, ndimu na ukwaju, kwa sababu asidi huishikilia pektini, ile gundi ya asili inayounganisha kuta ndani ya mbegu, isiyeyuke. Tia chumvi unapotaka. Vyenye ukali vingoje mpaka nafaka imelainika kabisa.

Mwizi wa pili wa gesi yako ni maji ya kisima. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vingi, mbali na chumvi, yana chokaa nyingi. Chokaa nayo hukaza ganda. Unaweza kuchemsha saa mbili ukidhani umeuziwa pojo za mwaka juzi, kumbe kosa ni la maji. Kwa kupikia nafaka tumia maji matamu ya mfereji, au chota kwenye mtungi ule wa lita 20 unaoletwa na mkokoteni. Ukikosa kabisa, robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa nusu kilo husaidia. Usizidishe, zitakuwa na ladha ya sabuni.

Zikiiva, epua maji yakiwa bado yamezipita kwa sentimita moja hivi. Utaona ni nyepesi mno, na mkono utakuwasha uzikaushe. Usizikaushe. Pojo huendelea kunywa maji zikiwa kwenye friji, na kesho zinakatika kwa kisu kama sima. Wepesi wa leo ndio uzito wa kesho.

Rojo moja ya vyakula vyote

Badala ya kujifunza mapishi matano, jifunze rojo moja. Kiasi hiki kinatosha kuunga kilo moja ya nafaka kavu, yaani nusu kilo ya leo na nusu ya kuweka friza:

- vitunguu maji 4 vya wastani
- tungule mbivu 8, karibu kilo moja
- thomu punje 8 na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vyote vimepondwa
- mafuta mililita 100
- bizari ya manjano vijiko 2 vya chai, bizari nyembamba ya unga vijiko 2 vya chai
- chumvi kijiko 1 cha chai
- pilipili mbuzi 1, nzima bila kupasuliwa

Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani dakika 12 hadi 15, mpaka viwe na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Wanaoanza hukata tamaa dakika ya tano, vitunguu vikiwa bado vyeupe, na mchuzi unabaki na utamu mbichi ambao hauondoki. Tia thomu na tangawizi, nusu dakika. Kisha bizari zote mbili, geuza mara tatu nne tu, halafu tungule papo hapo; bizari ikikaa kwenye mafuta matupu inaungua na kuwa chungu kabla hujapata nafasi ya kushangaa. Tumbukiza pilipili, tia chumvi, funika dakika kumi. Funua, upike dakika nyingine 15 ukigeuza.

Imeiva lini? Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi kwa sekunde moja kabla ya rojo kuifunika, na mafuta yakianza kujitenga pembeni, basi. Nusa pia: harufu kali ya tungule mbichi iwe imekwisha. Ikianza kushika chini kabla ya hapo, tia vijiko viwili vya maji, ukwangue kwa mwiko. Itoe pilipili ikiwa nzima, maana ikipasuka wiki yote itakuwa ya kulia machozi.

Changanya nusu ya rojo na pojo zako, zichemke pamoja dakika kumi. Nusu nyingine ipoe, iingie friza. Hiyo iliyobaki ina thamani kuliko unavyodhani, tutaifikia kwenye kamande.

Maharagwe: bingwa wa friza, ila yana masharti

Kwa kigezo chetu cha siku ya tatu, maharagwe yanazishinda pojo. Punje inabaki nzima, mchuzi unakolea, na yakitoka friza huwezi kuyatofautisha na ya juzi. Na kwa kuwa yanakula muda mrefu jikoni, yanakuokolea muda mwingi ukiyapika kwa mkupuo. Mbona basi hatukuyaweka ya kwanza? Kwa sababu mtu anayeanza, asiyependa, akisimama saa moja na nusu jikoni na bado punje zinagonga kama kokoto, Jumapili inayofuata hutamwona.

Loweka nusu kilo kwa lita mbili za maji, saa nane. Vitabu vingi husema "usiku kucha", lakini joto la Mombasa si la huko vilikoandikwa. Kuanzia Januari hadi Machi, maharagwe yaliyolowekwa saa nne usiku na kusahauliwa hadi saa sita mchana yatakuwa na povu na harufu ya uchachu. Yaweke ndani ya friji, au ubadilishe maji asubuhi. Maji ya kulowekea yamwage, osha, tia mapya mpaka yayapite kwa vidole vitatu.

Sasa jambo lisilo na mjadala. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Huvunjwa kwa kuchemka kweli, yale mapovu makubwa, kwa dakika kumi zisizopungua. Moto mdogo wa polepole hauivunji. Kwa hivyo ukitumia kikapu cha kupikia kisicho na moto, au chombo cha umeme cha kupika taratibu, lazima kwanza yachemke kwa nguvu jikoni dakika hizo kumi. Yasiyoiva huleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na wengi huishia kulaumu nazi.

Baada ya hapo punguza moto, saa moja hadi moja na nusu. Ya manjano kwa kawaida huwahi kuliko mekundu. Yakipita saa mbili bila kulainika ni ya zamani sana au maji ni ya kisima. Yahamishie kwenye presha kuka.

Presha kuka yenyewe isijazwe zaidi ya nusu kwa nafaka, maji yakiwemo. Maharagwe hutoa povu, na povu na maganda huziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta hulipunguza. Ukizima, iache ishuke presha yenyewe, dakika 15 hivi. Anayeinua filimbi kwa uma ili awahi hupata mchuzi wa maharagwe kwenye dari. Na kama mvuke unatoka pembeni badala ya juu, mpira umechoka. Mpya hauna bei ya kutisha.

Kamande: usizipike mapema

Hizi zinatutoa nje ya mpango kidogo. Kamande za kahawia hazilowekwi, huiva kwa dakika 25 hadi 30, na hupenda ukwaju na thomu kuliko nazi. Sasa, kitu kinachoiva nusu saa kina haja gani ya kujaza friza yako? Weka friza ile rojo iliyobaki, kamande ziache kavu kwenye mkebe. Usiku ambao huna chochote, teleka kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, nenda kaoge. Ukirudi tia rojo iliyoganda hivyo hivyo bila kuiyeyusha, dakika nane, kijiko cha maji ya ukwaju, umemaliza.

Angalizo moja tu: kati ya kamande zilizoiva na uji wa kamande pana dakika kumi. Oga haraka.

Mbaazi: mapenzi na hesabu

Hakuna atakayetusikia tukizisema vibaya mbaazi za nazi, na hatuzisemi vibaya. Ila mbaazi kavu zinataka kulowekwa kama maharagwe, zinapikwa muda kama wa maharagwe au zaidi, maji ya kwanza yakishachemka humwagwa ili kuondoa uchungu, na mwisho wa yote ladha yake yote imelala kwenye tui zito. Bila tui ni chakula cha kujaza tumbo. Yaani kazi yote ya maharagwe, na bado kitu kilichozifanya mbaazi kuwa mbaazi hakiwezi kuhifadhiwa pamoja nazo. Asubuhi zinauzwa zikiwa moto karibu kila mtaa na mahamri yake, zimepikwa na mtu aliyeamka alfajiri kwa ajili hiyo. Mwachie.

Zikiwa mbichi, zile za kijani za kukonyolewa, hapo hesabu hubadilika: dakika 25 hadi 30 na zimeiva. Ukizikuta, nunua kilo, zikonyoe, zichemshe dakika mbili, zipoze kwa maji baridi, friza.

Mchuzi wa mbatata na biringani

Ni wa wiki usiyotaka nafaka. Biringani hunoga zaidi siku ya pili, likishanyonya rojo, na halina shida na friza. Mbatata ndizo mbaya: barafu hupasua chembe zake, na zikiyeyuka zinakuwa na maji na chengachenga kama sifongo iliyozeeka. Kwa hivyo mchuzi huu ni wa friji, siku tatu, basi. Katakata mbatata vipande vinene vya sentimita tatu ili visivunjike vikipashwa. Biringani likaange kwenye mafuta yaliyopata moto kweli, la sivyo linakunywa kikombe kizima na bado lina njaa.

Mchicha haumo kwenye jedwali kwa makusudi. Unapikwa dakika tano, na ukilala unakuwa mweusi na wenye maji.

Wali usilale nje

Kilicho juu ya wali kinahifadhika. Wali wenyewe ndio wa kuogopwa. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye sufuria yenye joto dogo, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe mpaka ukauke. Kiporo cha wali kilicholala juu ya jiko Mombasa ni kamari, na cha wali wa nazi ni kamari mara mbili.

Pika wali wa usiku huo huo, ni dakika 20. Ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake tu. Au jikinge kwa chapati: zikipoa, zipange kwa karatasi katikati ya kila moja, mfuko, friza. Zinarudi kwenye kikaango moja kwa moja. Sima haina haja ya kuhifadhiwa, na boflo hupatikana kila duka.

Kupoza, makopo, na umeme kukatika

Sufuria iliyojaa pojo nzito, ikifunikwa juu ya meza kwenye chumba cha nyuzi 30, katikati yake hubaki vuguvugu mpaka usiku wa manane. Huko katikati ndiko zinakoanza kuharibika, ndiyo maana mtu hushangaa "nilizitia friji kabla ya kulala". Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Siku za joto kupita nyuzi 32, saa moja. Tia sufuria ndani ya beseni la maji baridi, geuza kila dakika tano, badilisha maji yakipata joto. Dakika 20 zinatosha kuigawa kwenye makopo mapana yasiyo na kina kirefu.

Makopo ya aiskrimu na siagi yanafaa, ila yasitiwe chakula cha moto wala yasiingie maikrowevu. Acha sentimita mbili juu, maana chakula hutanuka kikiganda. Andika siku juu ya kifuniko. Pojo zilizoganda na rojo iliyoganda ni pacha.

Jua pia friza yako ni ipi. Yenye mlango wake, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, inaweka chakula miezi miwili mitatu vizuri. Kale kachumba ka barafu ndani ya friji ya mlango mmoja hakafiki huko. Kahesabie wiki mbili. Umeme ukikatika usifungue kuchungulia: friji iliyofungwa hukaa baridi karibu saa nne, friza iliyojaa karibu saa 48, iliyojaa nusu karibu 24. Ukirudi, kilicho bado na vipande vya barafu kigandishe tena. Kilichoyeyuka na kupata joto kitupe, hata kama hakinuki.

Usiku wa kula

Asubuhi hamisha kopo moja kutoka friza kwenda friji. Jioni limimine kwenye sufuria ndogo na nusu kikombe cha maji, moto wa wastani, geuza mpaka lichemke hadi katikati na mvuke utoke kote, si pembeni tu. Hapo punguza moto kabisa, tia nusu kikombe cha tui, yaani vile vipande vinne, na usiuache mwiko. Koroga taratibu mpaka uone mapovu madogo ya kwanza pembeni, dakika tatu au nne. Yakitokea, epua. Onja chumvi sasa, kwa sababu tui hupunguza makali. Ndimu ukiitaka ikamulie kwenye sahani baada ya kupakua, kamwe si jikoni, la sivyo tui ulilolitunza tangu Jumapili litakatika mbele ya macho yako.